Nusu Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, nyepesi, ya kulaza vumbi tu. Kiwandani nimekuta waraka mpya wa idara ya kazi umewekwa katikati ya meza yangu, na juu yake mtoto wa marehemu kaka ameandika kwa kalamu nyekundu: "Baba mdogo, huu nao unasemaje?"

Hiyo ndiyo kazi yangu tangu nilipostaafu ualimu wa sayansi. Kiwanda ni kidogo: tanuri moja, ghala la vyuma chakavu, chumba cha mchanga na kiofisi chenye dirisha lisilofunga vizuri. Tunayeyusha aluminiamu na kusubu, yaani kuunda kwa kumimina, vipuri vya pampu za maji. Kaka alikianzisha, mwanawe amekirithi, nami huja asubuhi kumsomea kanuni za ajira na mafunzo. Kanuni siku hizi hazitulii. Unaziacha jioni zimekaa, asubuhi unazikuta zimesimama mlangoni na mizigo yao.

Waraka unasema hivi. Kufikia mwisho wa Juni, kila anayefanya kazi penye metali iliyoyeyuka awe na cheti cha ufundi. Aliyejifunzia kazini hahitaji kurudi darasani. Atapimwa kwa alichonacho mikononi. Asiye na cheti baada ya tarehe hiyo hataruhusiwa kukaribia tanuri.

Nilipomweleza mwana wa kaka, kijana wangu huyo alicheka. Mafundi wetu wawili wameanza kazi hii yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Nani atawapima, na kwa kipimo gani? Nami nilicheka.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua mchana kutwa. Dirisha la ofisi linavuja upande wangu.

Jumatano, 12 Machi

Amekuja afisa mafunzo, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, amevaa viatu vya mpira hadi magotini na kubeba mkoba uliofunikwa kwa nailoni. Alikataa chai. Alikataa pia kiti, akisema akikaa hatasimama tena. Sikumpenda. Anazungumza kama anayesoma ukutani.

Alieleza kwamba kila fundi atapewa siku nzima asubu kipuri kimoja peke yake, tangu kuandaa mchanga hadi kukitoa kipuri kikiwa kimepoa. Hakuna wa kumshikia, hakuna wa kumnong'oneza.

Sasa nieleze mafundi wetu. Wa tanuri tunamwita Bwana Moto. Ni mrefu, ana sauti, na hajawahi kukosea, kwa maelezo yake mwenyewe. Wa mchanga ni Mzee Chekeche, mfupi, mpole, ambaye nguo zake hata akizifua mara ngapi hutoa punje. Chekeche huupepeta mchanga, akauchanganya na udongo na maji kidogo, akaushindilia katika fremu za mbao kuzunguka umbo la kipuri, kisha akalitoa umbo ili libaki tundu. Hiyo ndiyo kalibu. Bwana Moto huyeyusha, hutazama, humimina. Mmoja anaandaa shimo, mwingine analijaza.

Afisa aliposema "peke yake," niliwaona wakitazamana. Nilidhani ni dharau.

Jumanne, 18 Machi

Niandike hili kwa utaratibu.

Mimi ndiye niliyependekeza jaribio. Mwalimu hapeleki wanafunzi kwenye mtihani bila kuwapima nyumbani kwanza. Nikamwomba kijana wangu atupe siku moja, kila fundi asubu gurudumu dogo la pampu bila msaada.

Alianza Chekeche. Kalibu yake ilikuwa safi kama imekatwa kwa kisu. Lakini mbele ya tanuri alikuwa mtu mwingine. Alichungulia, akarudi nyuma, akachungulia tena, kisha akamimina mapema. Metali isiyopata moto wa kutosha huganda njiani kabla ya kufika kwenye pembe. Tulipobomoa mchanga tulipata nusu gurudumu, ukingo wake umekunjamana kama sikio. Bwana Moto alicheka hadi akashika ukuta. Alimwambia mwenzake aipeleke nyumbani, mkewe ataegeshea mlango.

Zamu ya Bwana Moto ikafika. Alichota mchanga kwa koleo moja kwa moja kwenye lundo. Mvua ya usiku ilikuwa imepenya chini ya paa na kulilowesha lundo upande wa nyuma. Chekeche aliona. Nilimwona akifungua kinywa, kisha akanitazama mimi, kwa kuwa ni mimi niliyesema asiyefanya asiseme. Akafunga kinywa.

Kwa asiyejua: maji kidogo yakifikiwa na metali ya moto hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke unahitaji nafasi kubwa mno kuliko maji. Usipopata njia ya kutokea, hujitengenezea. Bwana Moto alimimina, kalibu ikaguna, kisha ikatema. Metali iliruka juu kwenye mkono wake wa kulia, kati ya glavu na kiwiko. Chekeche ndiye aliyemfikia kwanza, akamvuta nyuma kwa mkanda wa aproni, mtu mfupi akimburuta mrefu, akauingiza mkono wake kwenye pipa la maji na kuushikilia humo.

Zahanati nilikaa naye. Daktari alisema mkono utapona, kovu litabaki. Bwana Moto hakupiga kelele wala hakulaumu. Nikamuuliza lililokuwa likinikereketa: imekuwaje, miaka yote hii, hajui kuupima mchanga kwa kuufinya tu kiganjani?

"Mwalimu," akasema, "nikisogea chumba cha mchanga, marehemu alikuwa ananiuliza kama nimepotea njia."

Jumatano, 19 Machi

Nimemwendea Chekeche kwenye chumba chake cha mchanga. Nikamuuliza swali lilelile kwa upande wa pili. Alichekecha kidogo kwanza. Alisema enzi za kaka, wa mchanga alitakiwa awe ametoka nje kabla tanuri halijafunguliwa. Alizoea kungojea uani. Kaka alipofariki hakuna aliyemkataza tena, lakini miguu ilikuwa imeshajua njia ya uani.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda kwa shemeji, mjane wa kaka. Alikuwa anashona pindo la pazia, miwani imeshuka puani. Nilizunguka kidogo, nikagusia afya, nikagusia mvua. Akaniambia, "Shemeji, uliza ulichokuja kuuliza, uzi unaniishia."

Nikauliza. Hakushangaa. Kaka alianza na mafundi watatu aliowafundisha kila kitu. Wote watatu waliondoka, kila mmoja akafungua kiwanda chake, na wateja wakawafuata. Kaka alikaa mwaka mzima karibu na tanuri baridi. Alipoajiri tena, aliugawa ufundi vipande viwili.

"Alikuwa akisema fundi kamili huondoka, nusu fundi hubaki," shemeji akasema, akikata uzi kwa meno. "Usimwone mbaya. Alikuwa na watoto wa kulisha."

Siku ya mazishi yake ni mimi niliyesoma wasifu. Nilisema kwa fahari kwamba watu wa kaka yangu hawakumwacha. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Leo nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua, nikijaribu kumkasirikia, nikashindwa. Nikajaribu kumtetea, nikashindwa pia.

Jumatatu, 24 Machi

Nimezungumza na kijana wangu. Anajua. Baba yake alimwachia siri hiyo pamoja na funguo. Nikamweleza kwamba kwa kanuni mpya hana fundi hata mmoja. Ana nusu mbili, na idara haitoi cheti kwa nusu. Akasema atatafuta aliyesomea chuoni mwenye cheti tayari, na hawa wazee atawaaga kwa heshima. Nikamuuliza heshima hiyo ina umbo gani. Akasema nisimfanye kama mwanafunzi wangu.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Bwana Moto amerudi, mkono umefungwa bendeji. Hajasema utani wowote.

Jumatano, 9 Aprili

Waraka wa pili. Mwajiri mwenye wafanyakazi wasio na vyeti anatakiwa awape muda wa kujifunza ndani ya saa za kazi, bila kukata mshahara. Asiyefanya hivyo hatapewa kibali cha mwaka ujao. Nimemsomea kijana wangu mara mbili, polepole. Alitazama nje ya dirisha, akasema wapewe saa ya mwisho ya kila siku, na mimi niisimamie kwa kuwa naipenda sana.

Jumanne, 15 Aprili

Nimewahi kufundisha madarasa yenye watoto watukutu wa kila aina. Hakuna aliyefikia hawa wawili.

Leo Chekeche alimfundisha mwenzake kuufinya mchanga. Ukiufinya na kufungua kiganja, bonge libaki na alama za vidole. Ukilivunja, livunjike mara moja bila kumomonyoka, wala lisikuachie umajimaji mkononi. Bwana Moto alilifinya hadi mishipa ya shingo ikasimama. Chekeche akamuuliza kama ameshika mchanga au ameshika koo la anayemdai. Ilipogeuka zamu ya tanuri, Bwana Moto alilipiza. Alimpa Chekeche ufito wa chuma auchovye kwenye metali na kuangalia inavyoteleza juu yake, dalili ya moto wa kutosha, na kila Chekeche aliporudi nyuma alimwambia moto hauli wazee, unapenda nyama laini.

Lakini niliona jambo. Kabla ya kumsogeza Chekeche, Bwana Moto humwekea kiganja mgongoni. Hamsukumi. Anakiweka tu.

Jumatatu, 28 Aprili

Chekeche amemimina gurudumu zima. Limejaa kila pembe. Aliligeuza, akalirudisha, akaligeuza tena. Bwana Moto alisema si baya kwa mtu wa uani. Mzee wa watu alitoka nje, akasimama mvuani bila kofia.

Jumanne, 6 Mei

Waraka wa tatu. Nimeusoma nikiwa nimesimama. Tarehe ya mwisho imesogezwa hadi Juni ya mwaka kesho, na sharti la saa za mafunzo limesitishwa "hadi itakapotangazwa tena." Sababu haikutolewa.

Kijana wangu hakungoja nimalize. Alikwenda mwenyewe kuwaambia mafundi kwamba saa ya mwisho inarudi kuwa ya kazi. Bwana Moto alikuwa na chekeche mkononi. Alililaza chini taratibu.

Alhamisi, 8 Mei

Afisa mafunzo amepita kukusanya sahihi za waliopokea waraka. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali. Lakini leo alikubali kiti, na alipokaa maji yalimtoka kwenye viatu yakafanya dimbwi sakafuni. Aliniambia ameshatembelea viwanda vingi kueleza waraka wa kwanza, akarudi kueleza wa pili, sasa anarudi kuueleza wa tatu, na kote huko watu humtazama kana kwamba ndiye anayeziandika nyaraka hizo usiku kitandani. Baba yake alikuwa mchomeleaji wa vyuma aliyefanyia kazi mlangoni kwake, asiye na cheti, aliyelipwa kama kibarua hadi macho yakaharibika. Aliyasema haya bila kutaka huruma, kama aliyeulizwa jina la ukoo.

Nikamuuliza kama mlango umefungwa kabisa. Akasema la. Kituo cha upimaji kiko wazi kwa anayetaka, mradi mwajiri asaini fomu ya kumtambulisha.

Chai akanywa.

Jumatano, 14 Mei

Kijana wangu amekataa kusaini. Nilimwomba asubuhi, akasema si lazima kisheria. Ni kweli, si lazima. Nilikuwa bado natafuta neno la pili pale Chekeche alipobisha hodi. Sijawahi kumwona ofisini humo isipokuwa siku ya mshahara. Alivua kofia, akakung'uta punje kizingitini ili asichafue ndani.

Kijana wangu alimwambia, kwa upole kwa kweli, kwamba anajua wakipata vyeti wataondoka, kama walivyoondoka wa kwanza.

"Bosi, cheti sikitaki ili niondoke," Chekeche akasema. "Nakitaka ili nikibaki, iwe nimebaki."

  Akavaa kofia, akarudi kwenye mchanga wake.

Mimi nilikuwa na kauli nyingi za kuongeza, za kisheria na za kiutu. Nikaona zote zimeshasemwa.

Jumatatu, 19 Mei

Chekeche ana homa. Kifua kimejaa. Mvua haijapumzika tangu juzi.

Jumanne, 20 Mei

Mteja wa pampu amefika mwenyewe, ana kisima kimesimama na watu wanangoja maji. Kijana wangu akamwambia Bwana Moto aandae kalibu na kumimina, maadamu siku hizi mchanga anaujua.

Bwana Moto alikwenda kwenye lundo. Alichota katikati, akafinya, akatazama. Alichota nyuma, akafinya tena. Kisha akakunja mkono wa shati juu ya kovu, akamwonyesha kijana wangu kiganja kinachong'aa maji.

"Huu simimini," akasema.

Kijana wangu akamwambia kwamba mteja yuko pale, amesimama. Bwana Moto akajibu kwamba amemwona, ni mtu mzuri, na ndiyo maana hatamruhusu asimame karibu. Akasema wautandaze mchanga juu ya mabati kando ya tanuri ukauke hadi jioni, kisha atapima tena. Hakupandisha sauti. Huyu ni yule mtu ambaye kwa maelezo yake hajawahi kukosea.

 Nikamwona kijana wa kaka yangu akiliangalia lile kovu, muda mrefu kuliko inavyohitajika kuliona. Mwishowe akatoa mabati mwenyewe. Mteja naye akakunja suruali akasaidia kutandaza. Jioni mchanga ulikubali, wakamimina, gurudumu likatoka na kasoro ndogo ambayo ilisuguliwa kwa tupa ikaisha.

Jumatano, 21 Mei

Fomu mbili mezani kwangu, zimesainiwa. Hazina maneno ya kalamu nyekundu.

Jumatatu, 2 Juni

Upimaji wa Chekeche. Wasimamizi hawakuniruhusu kuingia. Nilikaa kwenye benchi la barabarani na Bwana Moto, ambaye zamu yake ni kesho. Alinieleza kinachotokea ndani kwa kufuata moshi wa dohani: sasa anawasha, sasa anaongeza, sasa asimwage, asimwage, ngoja. Alisema "ngoja" mara nyingi sana, akiwa ameshika goti langu.

Jumanne, 10 Juni

Majibu. Chekeche amefaulu yote. Bwana Moto amefaulu tanuri. Mchanga arudie baada ya miezi mitatu. Afisa mafunzo aliyaleta mwenyewe ingawa angeweza kuyatuma. Alimpa Chekeche mkono kwa mikono yote miwili. Bwana Moto akasema waliompima walikuwa na haraka ya kwenda kula. Kisha akamwambia Chekeche hongera, kwa sauti ndogo sana, na akaenda kuzima tanuri ambalo halikuwa limewashwa.

Jumatano, 11 Juni

Chekeche ametoa taarifa ya kuacha kazi, mwezi mmoja kama sheria inavyotaka. Anakwenda kwa binti yake, ambako kuna mashamba yanayomwagiliwa na hakuna wa kusubu vipuri kwa umbali wa siku nzima.

Kijana wangu alimwita, akamkumbusha aliyoyasema humu ndani mwezi uliopita. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama aliyepotelewa.

"Sikukudanganya, bosi," Chekeche akasema. "Zamani hata kujiuliza kama nibaki nilikuwa siwezi. Sasa nimejiuliza."

Alipotoka, kijana wangu alinigeukia. "Baba mdogo, ndicho hiki alichokiogopa baba."

Nikamwambia ndicho. Sikumwambia zaidi. Kama mwalimu, nilikuwa na mazoea ya kumalizia kila somo kwa muhtasari, lakini hili ni la kwao, baba na mwana, na mimi nilikuwa msomaji wa karatasi tu. Baadaye aliniuliza kama kuna kanuni inayokataza saa ya mafunzo kurudishwa. Nikamjibu hakuna. Akasema basi irudi, kuanzia kesho, hadi Chekeche atakapoondoka.

Jumatatu, 16 Juni

Jua siku nzima. Lundo limekauka hata nyuma.

Ijumaa, 27 Juni

Leo Bwana Moto amesubu kipuri kigumu kuliko vyote tunavyotengeneza, nyumba ya pampu, lile ganda la nje lenye matundu ya ndani, peke yake. Chekeche alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ameifunga mgongoni, mkono mmoja umeushika mwingine kifundoni kama anayemzuia mtoto asikimbilie barabarani. Mara mbili kalibu ilitaka kumomonyoka ukingoni. Mara mbili nilimwona Chekeche akijikaza, midomo imebana, asiseme. Safari hii hakuna aliyemkataza.

Bwana Moto aliutengeneza ukingo mwenyewe, kwa kidole kilicholowa kidogo. Akainamisha kichwa karibu na tundu, akalitazama kwa jicho moja, wala hakugeuka.

"Wewe mzee," akasema, "ondoka hapo, unanizibia mwanga."

Chekeche akasogea.